Aidani kwenye Benchi la Bwana Meneja

Mdogo wangu Aidani ana adabu. Naanza na hilo, kwa sababu ndilo lililommaliza. Watu wakisikia habari zake husema kijana alizembea, alilala, vijana wa siku hizi wanataka vya bure. Nikisikia hivyo naacha cherehani, nasimama, na mteja anayengoja sare yake atangoja. Aidani hakulala. Alikaa macho wazi kwenye benchi likizo nzima, amenyoa, amepiga pasi shati, anangoja kuitwa.

Sisi ni watu wa Hanga. Baba alifariki Aidani akiwa darasa la tano, mimi nilikuwa nimeshakuja Songea mjini kujifunza ushonaji. Mama yetu, Jovina, alibaki na jembe lake na mtoto huyo mmoja. Aidani akafaulu, akafaulu tena, akaenda chuo Dar es Salaam kusomea ugavi, yaani kununua mali, kuipokea, kuitunza ghalani na kuitoa kwa utaratibu. Nyumbani mama alikuwa akiwaambia watu wa jumuiya kwamba mwanawe anasomea maghala. Wakicheka, na yeye anacheka, lakini machoni unaona anavyojivuna.

Sasa chuoni kwao kuna kitu wanaita fildi. Likizo ndefu ikifika, mwanafunzi anatafuta mwenyewe ofisi ya kumpokea, afanye kazi wiki nane, mwalimu aje amkague. Bila fildi hakuna mwaka wa tatu. Unarudia mwaka, na ukirudia, mkopo wa serikali unasimama. Kwa mtoto wa Jovina, mkopo ukisimama na chuo kimeisha. Aidani alinieleza haya siku ya kwanza aliyofika kwangu Mfaranyaki na begi lake, na nilimwambia asijali, mji huu una ofisi nyingi.

Mjinga mimi! Ofisi ni nyingi kweli, lakini milango ni ile ile. Akienda huku anaambiwa nafasi zimejaa. Akienda kule, acha namba ya simu, tutakupigia. Kwingine wakamwambia angekuja mwezi wa tatu, kama vile mwezi wa tatu hakuwa darasani. Kuna mahali mlinzi alimwuliza, "Umeagizwa na nani?" Akasema hajaagizwa na mtu. Mlinzi akamwambia basi rudi nyumbani ukatafute wa kukuagiza. Yule mlinzi angalau alisema kweli. Aidani alikuwa akirudi jioni, viatu vimejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kamba, anakunywa maji, anasema, "Kesho nitajaribu upande wa Bombambili, dada." Bombambili nako wakamwambia yaleyale ya Mfaranyaki.

Mama akapiga simu. Nilipomweleza akashangaa kabisa. "Kwani baba yake wa ubatizo amekufa?"

Baba wa ubatizo wa Aidani ni Bwana Hironimus. Alimshika kanisani siku ya kubatizwa, na akaendelea kumshika. Ni meneja wa ghala moja la nafaka hapa mjini, la kampuni ya watu binafsi, jina nalihifadhi. Na nitasema haki, maana hasira isiniondolee haki: baba alipofariki, Bwana Hironimus ndiye aliyeleta gari, akaleta jeneza, akakaa msibani mpaka siku tulipoanua matanga. Sisi hatuwezi kulisahau hilo.

Basi mkono mtupu haulambwi. Mama akatuma jogoo kwenye gari la Hanga, tukaenda nyumbani kwake mimi na Aidani. Alitupokea kwa furaha mpaka nikaona haya kwa nini hatukuja mapema. Akamshika Aidani mabega, akamgeuzageuza. "Mwanangu umekuwa mwanaume! Unasoma nini vile?" Aidani akapiga magoti nusu, akaeleza habari ya fildi kwa sauti ndogo, maana mtu mzima huwezi kumpigia kelele. Bwana Hironimus akasema, "Hapo umefika. Kule chuoni andika uko kwangu. Jumatatu uje ukae pale nje, nitakuita nikupange." Tulitoka pale nikiimba. Kweli, niliimba njia nzima na jua lile.

Jumatatu Aidani akaenda. Nje ya ofisi kuna benchi la mbao chini ya dirisha, akakaa. Bwana Hironimus akafika. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu. Upo?" "Nipo, baba." Akaingia ndani. Mchana akatoka. "Bado upo? Safi sana." Jioni ghala likafungwa.

Ikawa hivyo Jumanne. Ikawa hivyo mpaka wiki ikaisha. Wiki ya pili akaanza kuitwa, ndiyo, lakini kuitwa kwenyewe! "Aidani, hebu nioshee gari." "Aidani, mpelekee mke wangu mtungi wa gesi." Baadaye akapelekwa shambani kwa Bwana Hironimus, njia ya Peramiho, kusimamia watu wanaopukuchua mahindi. Huko alikaa siku nyingi, anarudi na makapi kwenye nywele. Na huku ndani ya ghala walikuwamo wanafunzi wawili wa chuo kilekile, walioletwa na makao makuu ya kampuni, Calvin na Pamela, wamepewa fulana za kampuni, wanapima unyevu wa mahindi, wanapanga magunia, wanaandika mzigo unaoingia na unaotoka. Ndiyo kazi hasa aliyokuwa anaitafuta mdogo wangu. Alikuwa akiiangalia kupitia mlangoni.

Nikamwambia, "Aidani, ingia ndani umwulize."

"Nimwulize nini, dada?"

"Umwulize unaanza lini! Wewe vipi?"

Akasema, "Mtu mzima amesema ataniita. Nikimkumbusha ni kama namwambia amesahau. Au amedanganya."

"Si amesahau kweli!"

"Sasa mimi ndiye wa kumwambia?"

Mama naye kwenye simu ni subira yavuta heri, subira yavuta heri. Mimi nikamjibu ngoja ngoja huumiza matumbo. Akaniambia nina mdomo, ndiyo maana sijaolewa. Nikakata simu, nikashona suruali ya mtu miguu nyuma mbele, nikaifumua.

Halafu Mungu akafungua mlango, na nasema Mungu kwa sababu sisi hatukubisha hodi. Mama mmoja wa Namtumbo, mteja wangu, ana duka kubwa la pembejeo na ghala nyuma yake, mbolea, mbegu, dawa za tumbaku. Alikuja kuchukua vitenge vya kwaya, akamkuta Aidani amejikunyata kwenye kona. Wakazungumza. Akamwuliza akipokea mzigo anaupangaje, Aidani akamwelezea mpaka mama wa watu akavua miwani. "Kijana, kesho njoo Namtumbo. Ghala langu ni vurugu tupu. Mwalimu wako akija nitamwambia mwenyewe unafanya nini." Muda ulikuwa bado unatosha. Nilimwona Aidani akicheka meno yote, kitu ambacho nilikuwa sijakiona tangu ashuke kwenye basi.

Akataka kwanza amwambie mama. Ningekuwa na akili ningeificha ile simu.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Umeshamwomba baba yako wa ubatizo. Amekubali. Unamwachaje?"

"Mama, hajanipa kazi."

"Amekuambia hapana?"

"Hajasema hapana."

"Basi mtoto hapigi hodi nyumba mbili. Atasema nini? Kwamba tumemwona hafai? Kesho mimi nikifa, nani atakuja kusimama hapa? Mama wa Namtumbo atakuja?"

Nikamnyang'anya Aidani simu, nikapiga kelele, nikasema maneno ambayo mtoto hasemi kwa mama yake. Mama akalia. Mwenzangu, ukisikia mama mjane analia kwenye simu, hoja zako zote zinaisha. Aidani akachukua simu yake, akamwambia, "Nimesikia, mama." Kesho yake akampigia mama wa Namtumbo, akamshukuru, akasema ana mahali tayari. Akavaa shati lake, akaenda kwenye benchi.

Mwalimu wa chuo alikuja katikati ya mwezi wa tisa. Hakuja kwa taarifa, ndivyo wanavyofanya. Haya ninayosema sasa alinisimulia Aidani mwenyewe, na hana uongo. Alikuwa ameagizwa chai. Akaingia ofisini na sinia, akamkuta mwalimu wake ameketi, Calvin na Pamela wamesimama na fulana zao. Mwalimu ameshawakagua, ameridhika. Akauliza, "Na wa tatu? Nina Aidani Mapunda hapa kwako."

Bwana Hironimus akacheka kwa furaha. Akainuka, akamwekea Aidani mkono begani, na sinia bado iko mikononi. "Aidani? Si huyu hapa! Huyu si mwanafunzi, mwalimu. Huyu mwanangu wa ubatizo. Yuko likizo, ananisaidia nyumbani na shambani. Kijana mtiifu huyu, hujapata kuona. Ukimwambia kaa, atakaa."

Mwalimu akamgeukia. "Ni kweli, Aidani? Hufanyi kazi hapa ghalani?"

Sasa wewe niambie. Wewe umelelewa na Jovina wa Hanga. Umefundishwa kwamba mkubwa akisema mbele ya mgeni, kwake, ofisini kwake, humkosoi, hata akikosea jina lako. Na huyu ndiye aliyemzika baba yako. Aidani akasema, "Ndiyo, mwalimu."

"Lakini chuoni uliandika uko hapa."

Aidani akaweka sinia mezani, akammiminia chai. Mwalimu akaandika, akaufunga mkoba wake. Akanywa chai aliyoletewa na Aidani, akaaga.

Aidani alirudi nyumbani jioni, akakaa sakafuni penye vipande vya vitambaa, akaniambia yote bila kuinua sauti. Mimi sikungoja hata kumpa chakula. Nilitoka na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, nikaenda mpaka nyumbani kwa Bwana Hironimus, nikasahau hata kusema shikamoo.

"Umemuua mdogo wangu!" nikamwambia.

Alishtuka kweli. Ningependa kusema alikuwa anaigiza, ningepumua kidogo, lakini hapana. "Kumbe ilikuwa lazima? Adela, mwanangu, mbona hakusema? Nafasi zilikuwa mbili, makao makuu wakaleta wao. Nikasema nitaangalia baadaye, nikamwona anakaa tu kwa raha, anasaidia, nikajua hana shida." Mkewe akaniletea togwa. Niliitazama ile togwa, nikatamani kuimwaga kwenye zulia lao. Niliinywa. Na mimi pia nimelelewa na Jovina.

Palepale akapiga simu kwa mwalimu. Akasema alikosea, kijana alikuwa fildi kwake. Simu ilikuwa na sauti kubwa, nikasikia mwenyewe jibu: "Mzee, uliniambia kwa mdomo wako hafanyi kazi hapo, na yeye akakubali. Sasa unataka niandike nini?" Bwana Hironimus akaishusha ile simu polepole. Akasema, "Labda mwakani." Nikamweleza kwamba mwakani hakuna mkopo. Nilipokuwa natoka nilimwona anafuta macho, na sikumwonea huruma hata kidogo. Nililia barabara nzima mpaka Mfaranyaki, watu wananipisha.

Chuo kilipofunguliwa, jibu likaja kama tulivyojua: arudie mwaka, na mkopo umesimama. Nilifunga duka, tukaenda Hanga pamoja kumwambia mama ana kwa ana. Njiani nilijiandaa. Nilijua atalia, nilijua atajilaumu kwa habari ya Namtumbo, na nilikuwa nimeshapanga kumsamehe.

Mama alikuwa anapalilia vitunguu bondeni. Alitukaribisha, tukakaa jikoni, Aidani akasema. Alisema yote, chai, mwalimu, mkono begani. Mama alisikiliza, mikono mapajani. Alipomaliza, mama akauliza neno moja.

"Ulimkatalia baba yako mbele ya mgeni?"

"Hapana, mama."

"Asante, mwanangu," akasema, na uso wake ukalegea kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akainuka kuchochea moto atupikie.

Nilitoka nje. Sikuweza kukaa mle ndani. Aidani akanifuata, amevua viatu vyake vya chuo, ameingia kwenye ndala za mama. Akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na jembe begani, anaelekea shamba la juu, maana mvua hazikuwa mbali na pale hapajaguswa. Nikamwambia, "Aidani, liweke chini hilo jembe. Twende Songea, tutapata njia. Nitashona usiku na mchana. Liweke chini, nakuambia mimi dada yako."

Maisha yake yote Aidani alikuwa hajawahi kunikatalia neno. Alinitazama kwa upole wake uleule, akasema, "Hapana, dada," akapita.