Kitalu cha Kutegesha

Robhi alikuwa na ulimi mkali, na mwaka ule ulimi wake haukupata mapumziko. Habari zilikuwa zimeenea kwamba mgodi utapanuliwa, wathamini watapita kijijini, na kila kitakachokutwa juu ya ardhi kitalipwa fidia. Basi watu wazima, wenye wajukuu, wakaacha kulima wakaanza kutegesha. Ndivyo kazi hiyo ilivyoitwa, kutegesha, kama mtu anayetegea kanga porini. Zikasimama nyumba zisizo na milango wala mtu wa kulala ndani. Mzee mmoja alichomeka matawi ya mikaratusi kwenye kiwanja chake na kesho yake akawa anayaita msitu. Mbuzi walipoyala, alilia fidia ya msitu.

Robhi alipita katikati ya vijumba hivyo akiwa na karai la nyanya kichwani, akivipigia hodi. "Mmeamkaje humu, kuta? Watoto hawajambo?" Kisha anacheka peke yake mpaka karai linatikisika. Wenye vijumba walimchukia, naye alijua, na hakujali hata kidogo.

Alizaliwa Nyarero, kwa watu wa jembe, akaolewa huku kwenye dhahabu na Kisyeri. Kisyeri alimaliza ujana wake kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji wadogo, akaleta nyumbani vumbi, kikohozi, na hadithi za dhahabu ambayo kila mara aliikosa kwa kiganja kimoja tu. Nyumba ile ilisimama kwa nyanya. Robhi alizilima kwenye matuta ya nyuma ya uwanja, akazinywesha kwa maji ya chemchemi ya bondeni, akazipeleka Nyamisangura siku ya soko. Nyanya hizo ndizo zilizompeleka binti yao Mugesi sekondari, na ndizo zilizotazamiwa kumrudisha shule zitakapofunguliwa. Wala hapakuwa na kitu kingine cha kumrudisha.

Adui wa Robhi alikuwa mvua. Mvua za Tarime hazina adabu. Zikiamua kunyesha zinanyesha, na ukungu unaingia kwenye majani nyanya zikiwa bado za kijani. Ndiyo maana alipoona kitalu nyumba nyuma ya kanisa moja la Nyamisangura, alisimama akakizunguka kama mtu anayekagua ndama wa kununua. Kilikuwa cha miti na nailoni, kidogo, na nyanya za ndani zilikuwa safi kabisa.

Aliporudi nyumbani alipima chake, karibu na jiko, mahali ambapo jua halizuiwi na migomba. Alitaka matuta mawili na njia katikati. Tuta lisiwe pana kiasi kwamba mkono wake usifike katikati bila kukanyaga udongo. Paa liwe juu ya kutosha asimame wima akifunga nyanya kwenye kamba. Kuta ziwe za neti, na nailoni ya pembeni ikunjwe joto likizidi. Kisha aliutazama mteremko wa kwenda chemchemini, akakumbuka mgongo wake, akavirudisha ndani kidogo vijiti vya alama alivyochomeka pembeni.

"Nataka unikatie miti tu, baba Mugesi," alimwambia mumewe. "Nailoni nitaitafuta mwenyewe."

Kosa lake ni kwamba alilitaja jina la kitu hicho mbele ya Nyamhanga.

Nyamhanga alikuwa bingwa wa kutegesha pale kijijini. Hakuwa amelipwa fidia hata siku moja, lakini alifundisha wengine namna ya kulipwa, na alikuwa na nailoni ya kuuza. Alipoondoka Robhi, alimsogelea Kisyeri, akimwita mura, yaani kijana.

"Mura, unalala! Nyumba kila mtu anayo. Miti kila mtu ameichomeka. Nani ana grinihausi? Mthamini akiona grinihausi anavua kofia."

"Ya ukubwa gani?" Kisyeri akauliza.

"Uwanja wako una ukubwa gani?"

"Unauona."

"Basi ndiyo hiyo."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mashauri yote. Kisyeri akauza dume lake la ng'ombe, dume lenye nundu ambalo wanaume wenzake walilisifia, akanunua nailoni ambayo si ya kitalu wala ya kitu chochote kinachojulikana. Kitalu kikaanzia ukuta wa jiko kikaishia ukingoni mwa matuta ya Robhi. Kilimeza kamba ya kuanikia nguo, kikameza banda la kuku, kikameza na njia ya chooni, ikabidi mgeni akibanwa apite ndani ya kitalu, aingilie mlango wa mbele na kutokea wa nyuma. Madirisha hayakuwekwa, kwa kuwa Nyamhanga alisema yanaharibu umbo. Kufika saa nne asubuhi, ndani mlikuwa na joto la kuivisha ugali.

"Baba Mugesi," Robhi alisema, mikono kiunoni, "uwanja huu wote wa udongo mkavu utaunywesha na nini? Na mate?"

"Nani kakwambia kinataka maji? Kinataka kuonekana."

"Aa. Nilidhani ni kitalu, kumbe ni bibi harusi." Akaacha kucheka. "Sikiliza. Ng'ombe ni wako, umeuza. Uwanja umeuharibu. Nyanya zangu usiziguse. Zile ni Mugesi."

"Naapa sizigusi," Kisyeri akasema, na wakati ule alimaanisha.

Siku ya soko Robhi akaenda Nyamisangura na nyanya za kwanza kuiva. Huku nyuma Nyamhanga akaja mbio: wathamini wameonekana kijiji cha jirani, leo hii hii watafika. Akachungulia kitaluni akashika kichwa.

"Kitupu! Mura, kitupu hakilipwi. Wataandika miti na karatasi."

Kisyeri alitazama kule nyuma, kwenye nyanya za mke wake zilizosimama zimejaa matunda, nyingine zikianza kugeuka rangi. Alitazama njia ya sokoni. Kisha akaingia na jembe. Aling'oa mche mmoja mmoja na matunda yake, akaupanda ndani ya kitalu, kwa kuachanisha ili kitalu chote kionekane kimejaa. Alifanya kazi siku ile kuliko alivyofanya mwaka mzima.

Robhi aliporudi alikuta matuta yake yamebaki mashimo. Aliingia kitaluni. Nyanya zilikuwa zimelegea shingo, majani yamejikunja, matunda yananing'inia kwenye kamba yakiwa ya moto ukiyagusa. Majirani waliokuja kuchungulia walisubiri ulimi wake. Alikaa chini kwenye udongo ule mkavu akalia, akalia kwa sauti kama aliyefiwa, na Kisyeri alisimama mlangoni hajui pa kuweka mikono yake.

Wathamini hawakufika siku ile wala kesho yake. Walipofika, nyanya zilikuwa zimekuwa kuni. Kijana mmoja mwenye kizibao cha rangi ya machungwa alikuja peke yake mpaka uwanjani, akasema, "Shikamoo, mzee." Kisyeri akamshika mkono akamwingiza kitaluni kabla hajamaliza salamu, akimwonyesha huku na huku, nguzo, nailoni, kamba. Kijana alijipangusa jasho.

"Humu mmelima nini, mzee?"

"Nyanya, kijana wangu. Andika nyanya."

"Siandiki, mzee. Mstari wa mgodi umeishia kule ng'ambo ya korongo, huku hatufiki. Mimi nilikuwa naomba choo."

"Choo ni moja kwa moja mbele," Robhi akajibu kutoka jikoni. "Pita humo humo kwenye utajiri."

Kijiji kilicheka mpaka wenye misitu ya matawi nao wakacheka, na huko kuchekwa na wenye misitu ya matawi ndiko kulikomkata Kisyeri maini. Nyamhanga aliondoka akaenda Morotonga kwa shemeji zake, akidai ana shughuli. Shule zikafunguliwa, Mugesi akabaki nyumbani akifagia uwanja ambao haukuwepo.

Jioni moja Kisyeri akaja jikoni na sauti ndogo. "Mama Mugesi, nikibomoe?"

"Utapunguza. Chukua ndoo."

"Ndoo?"

"Ndoo, na chemchemi unaijua. Leta maji, mimi namwagilia kuanzia hapa jikoni. Utakapochoka, hapo ndipo nitakapopiga nguzo ya mwisho."

Mwanaume wa Kikurya kupanda mlima na ndoo ya maji ni jambo la kusimulia. Wanawake walitoka majumbani wakakaa kandokando ya njia, na Robhi hakuwafukuza. Kisyeri alipanda, akashuka, akapanda tena, maji yakimmwagikia shingoni. Ardhi ile ilikunywa kama haijapata kuona maji. Tuta la kwanza halijalowana vizuri, alianza kupumzika njiani. La pili lilipofika nusu, aliketi juu ya ndoo akashindwa kuinuka, kifua kinapiga filimbi.

Robhi akachukua nguzo, akaipigilia palepale. Kisha akatwaa kisu akaanza kukata nailoni.

Kisyeri alikitazama kile kilichobaki. "Mbona hiki ni kidogo hata kuliko kile ulichotaka wewe?"

"Kile nilikipima kwa mgongo wangu," Robhi alisema bila kugeuka. "Hiki nimekipima kwa wako, maana ndio utakaokinywesha kila siku mpaka Mugesi arudi shule. Inuka. Hiyo nusu ya tuta la pili bado haijalowana vizuri."