Kura ya Mgeni

Shangazi yangu aliutamani ubunge kama mjamzito anavyotamani udongo. Alishaangushwa mara mbili kwenye kura za maoni za chama, na safari hii alitangaza barazani kwetu Cheyo kwamba wajumbe wakimtosa tena, basi, siasa kwake imezikwa. Atauza asali yake na kunyamaza. Sisi tuliomjua tuliogopa zaidi hilo la kunyamaza.

Mpinzani wake alikuwa mmoja tu, bwana mpole mwenye suti ya kijivu, mzaliwa wa Tabora aliyepelekwa ughaibuni akiwa bado ananyonya kidole na kurudi na mvi. Kiswahili chake kilikuwa safi, ila mambo yetu yalimpita kando. Alipokwenda mtaa mmoja kuomba kura, akakaribishwa chakula, alisema ahsante, ameshiba. Wenyeji wake wanamsimulia mpaka leo.

Siku ya kura ukumbi ulijaa. Mimi nilikaa pembeni na birika la chai, kazi niliyoiomba mwenyewe ili nisikose uhondo. Shangazi aliposimama kujieleza, mtani wake akamwahi kabla hajafungua kinywa. Huyu ni fundi bati wa sokoni, Mzaramo ambaye babu yake alikuja huku na misafara ya wapagazi akagoma kurudi pwani. Wazaramo na sisi Wanyamwezi tumetaniana tangu enzi za njia hiyo.

"Wajumbe, mkimpa huyu mmekwisha!" alifoka. "Mwizi wa asali! Ataiba hata kiti cha spika akakipikie maharage!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na shangazi alicheka kuliko wote huku akijiandaa kumrudishia. Mara yule bwana wa suti akasimama.

"Mzee, shikamoo. Lakini sitakubali mama huyu adhalilishwe mbele yangu. Muombe radhi."

Tangu azaliwe, fundi bati hakuwahi kuambiwa aombe radhi kwa utani. Alimtazama shangazi, shangazi akatazama dari, kisha mzee wa watu akasema taratibu, "Samahani, mama." Mimi nilimwaga chai. Ukumbi mzima ulimwonea mgeni huruma, mpaka wengine wakashindwa kumtazama usoni.

Jioni matokeo yakatangazwa: shangazi kashindwa kwa kura moja. Hakuna aliyeshangilia. Hata mshindi aligeuka nyuma kutazama kama ni yeye aliyetajwa.

Nyumbani kulikuwa kama matanga. Fundi bati alifika, akajilaza kizingitini kama watani wafanyavyo msibani, akidai kuku kabla maiti haijatolewa. Hakuna aliyecheka.

"Mtani, wewe ulimpa nani?" shangazi akamuuliza.

Mzee akaketi. "Mgeni. Nilijua wewe umeshapita. Sasa angepata sifuri, uso wake angeuweka wapi? Mji huu tangu lini mgeni akaondoka mikono mitupu?"

Jirani yetu, mjumbe mwenzao, akakiri naye kwamba alifikiri hivyo hivyo. Mume wa shangazi, mjumbe pia, alikohoa akasema anakwenda kuangalia mbuzi. Hatufugi mbuzi.

Nilikasirika, na sikuficha. "Si mngempa pilau!" niliwafokea. "Mnampa mtu jimbo zima kwa sababu mmemwonea haya? Kura moja tu! Angepatikana mtu mmoja mwenye akili humu, shangazi angekuwa anakwenda Dodoma!"

Nilimgeukia shangazi nikitegemea aniunge mkono. Alikuwa anakunja na kukunjua pindo la kanga yake.

"Alikuwa amekaa peke yake pale mbele," alisema, bila kumtazama yeyote. "Hakuna hata mtu aliyemsogelea. Nikaona nimpe moja, mimi zangu si zipo."

Kisha akanyamaza, kama alivyokuwa ameahidi.