Mbwa Niliyempa Upofu

Nichekeni tu, maana mwenyewe bado najicheka. Mimi ni daktari wa mifugo hapa Pemba. Juzi Mzee Hamadi wa Wawi aliniita nimpime macho mbwa wake Chui, anayelinda mihogo isiliwe na kima, kwa kuwa alikuwa akitoka tongotongo.

Nilichuchumaa mbele ya Chui, Mzee kasimama nyuma yangu. Nikaangusha pamba mbele ya mbwa nione kama ataifuata kwa macho. Hakuifuata. Nikarudia, nikapunga na mkono. Chui alikodoa macho palepale, juu ya bega langu.

Nikashusha sauti kama mtu aliyekuja kutoa tanzia. "Pole, Mzee. Chui haoni kabisa."

"Basi macho yake n'takuwa mie," Mzee akasema, akaenda kumtekea maji huku akijifuta machozi.

Chui akaruka mkoba wangu, akakwepa ndoo, akamfuata bila kumwondolea macho. Kumbe muda wote alikuwa akimtazama bwana wake tu!

Mzee akageuka, akamwona mbwa miguuni pake, kisha akaniona mimi na pamba yangu mkononi.

"Daktari," akaniuliza kwa upole, "hayo macho yako mazima?"