Mama wa Chumvi Hakuhesabiwa

Baba alikuwa muuzaji wa vitambaa katika magazini moja, duka kubwa, ya Lubumbashi. Serikali ilipowanyang'anya wageni maduka yao, Mgiriki mwenye magazini akaondolewa, ikapewa bwana mkubwa wa Chama tawala. Jamani, yule alibeba vitambaa vyote kwake, wauzaji akawaachia rafu tupu! Mshahara ukakatika. Baba hakuacha kwenda. Kila asubuhi mama alimpigia shati pasi ya makaa, naye akaenda kusimama nyuma ya meza, akiuza hewa.

Kilichotulisha ni chumvi. Mama aliketi nje, mlangoni pa magazini ile ile, akipima chumvi kwa kopo, mkono wa pili umeshika tumbo. Alikuwa na uvimbe, na ulizidi kukua. Ndiyo maana baba aling'ang'ania ile meza: mke wa mfanyakazi alitibiwa hospitalini kwa karatasi ya patron, yaani yule mwenye magazini.

Siku moja wakaja watu wa serikali kuhesabu wafanyakazi wa maduka.

"Unatumika hapa, sitwayeni?" wakamwuliza baba; "raia", ndivyo watu walivyoitwa siku zile.

"Natumika."

Wakaandika kwamba anafanya kazi. Kama analipwa hawakuuliza. Hata rafu hawakuziangalia! Mmoja akamwonyesha mama kwa kidole. "Na ule wa chumvi?"

"Ni muke wangu," baba akasema haraka, aibu imemjaa. "Hana kazi. Anakaa tu."

Mama alisikia. Akaendelea kupima.

Uvimbe ulipomlaza, karatasi ya patron haikupatikana. Baba alimfuata bwana yule nyumbani kwake, mtaa wa Karavia, mlinzi akamfukuza kila mara. Tukampeleka mama mahali walipotibu maskini bure. Karani wa pale alikuwa na hesabu ile ile ya wafanyakazi mezani.

"Bwana yake anatumika," akasema. "Hapa ni pa bantu benye hawana kazi. Patron wake alipe."

Ee Mungu wangu! Mtu hajaona mshahara tangu rafu ziwe tupu, ati anatumika! Mpaka leo hasira hiyo haijanitoka.

Mama alifia nyumbani, juu ya mkeka.

Tulipokwenda kuomba ruhusa ya kuzika, karani wa mtaa akauliza kazi ya marehemu.

"Muuzaji," baba akasema.

"Wa magazini gani?"

"Pale inje. Chumvi. Alitulisha siye bote."

"Ile haiko kazi, baba." Akaandika: bila kazi. "Na weye?"

Baba alikuwa amevaa lile shati. Halikupigwa pasi.

"Andika na mimi vile vile," akasema. "Mwenye alikuwa anatumika, ni huyu tunaenda kuzika."