Nilivyomtafutia nyumba Komanda, mbwa wangu mwenye haya

Wakuu, amani kwenu. Mimi ni mzee sasa, sina sababu ya kuongeza chumvi.

Kosa langu nalitaja kwanza: nilikubali kumtoa mbwa wangu kabla mwenye nyumba hajamaliza kusema.

Ilikuwa wakati wa vita. Tuliikimbia Beni, huko Kongo mashariki, mimi, mke wangu, watoto wanne na mbwa mmoja mchanga, tukapata vyumba viwili Butembo. Mwenye nyumba, Papa Paluku, akasimama mlangoni.

"Batoto, sawa. Lakini mbwa..."

"Nitamutoa, Papa!"

Niliogopa kukosa paa. Basi, akanipa ufunguo.

Mbwa mwenyewe aliitwa Komanda, yaani kamanda. Watoto walimpa jina hilo wakitegemea ukali. Ukali haukuja. Kuku akipita, Komanda yuko chini ya kitanda.

Na nyakati zile mnazijua. Kule Beni wanajeshi wanapita barabarani, mke wangu anapaza sauti ndani: "Komanda, toka chini ya kitanda, muoga weye!" Majirani walitusihi tumbadilishie jina.

Tena alikuwa hali chakula akitazamwa. Unaweka chakula, unampa mgongo, ndipo unamsikia anatafuna. Mimi tu, baada ya miezi ya kumpa mgongo, alikubali kula mkononi mwangu huku ananitazama. Nilijiona mtu mkubwa.

Wiki ile ya kuhamia nilimpeleka kwanza Rughenda, mtaa wa Butembo, kwa rafiki yangu mwenye depo ya magunia. Alitaka mlinzi. Familia nzima ikachuchumaa kumzunguka, wamwone anavyokula.

Siku ya tatu akamrudisha.

"Kaka, umenipatia mbwa ao padiri wa kufunga? Hapana kula, hapana kubweka. Kuku yangu iko mukali kumupita!"

Siku ya soko nikapanda naye Musienene, yeye ndani ya kikapu juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, katikati ya magunia matupu ya viazi. Njia nzima watu wanacheka.

Huko nikamkuta bibi mjane, Koko Masika, anachambua maharagwe mkekani. Nikamweleza shida yangu. Hakuinua kichwa.

"Muweke hapo. Na kiazi."

"Koko, hutamuangalia kwanza?"

"Weye mutu akikuangalia mu kinywa, utakula? Acha mi nitoe mawe mu maharagwe."

Muda kidogo, nyuma ya mgongo wake, nikasikia mtu anatafuna.

Nilicheka mpaka nikafuta machozi. Koko akanifungia maharagwe kwenye kitambaa, eti mbwa hatolewi bure, na akanikataza kurudi mpaka mbwa azoee. Nikatii. Miaka ikapita.

Vita vilipotulia, nikaenda kumuaga Papa Paluku, turudi Beni. Akaniuliza yule mbwa wangu aliishia wapi, kwa nini nilimtoa.

"Si ni weye ulikataa, Papa?"

"Mi? Hapana! Nilitaka kusema: lakini mbwa mumufunge kamba, asikimbize kuku zangu. Ukanikatiza. Nikasema mu roho, labda mwenyewe amemuchoka."

Komanda, akimbize kuku!

Kesho yake nikapanda Musienene. Nikamkuta amenenepa, anabwekea mbuzi wa jirani kama afisa. Koko alikuwa anamlisha mkononi, wanatazamana.

"Muite," Koko akasema. "Akikuja, ni wako."

Nikamwita, nikanyoosha mkono wenye kiazi. Komanda akakaa mbali, akanitazama, akasubiri.

Nikaelewa. Nikaweka kiazi chini, nikampa mgongo.

Ndipo nikamsikia anatafuna.

Nyumba nilimpatia nzuri, wakuu, hilo silijutii. Nilishuka nikicheka peke yangu, Komanda wa mbuzi!

Ila mtu akisema nawe, mwache afike mwisho wa sentensi. Nawe uliyewahi kukubali mbio namna hii, andika hapa chini, tucheke pamoja.

Mimi "nitamutoa, Papa" ilinigharimu mbwa pekee aliyekula mkononi mwangu. Sikufuga mwingine.