Ruhusa Aliyoinywa Baba Mdogo

Harufu ya dizeli iliyochanganyika na ya udongo uliotoka kupinduliwa ilitufikia jikoni kabla ya mlio wa trekta. Ilikuja kila mwaka kiangazi kikielekea mwisho, wakati watu wa upande wetu wa Yamumbi wanapoandaa mashamba ya mahindi, na kwa wengi ilikuwa harufu ya matumaini. Kwetu ilikuwa harufu ya kuibiwa. Baba alifariki kabla sijaanza shule, na mwaka ule ule ndugu yake mdogo, ambaye shamba lake limepakana na letu, akaanza kula mpaka. Kwa msomaji asiyejua mpaka unaliwaje, nieleze: trekta inapofika ukingoni haigeuki mara moja, inasogea kidogo ng'ambo, na mwakani inasogea tena. Ukiuliza, unaambiwa dereva alipitiwa. Nilipofika sekondari, dereva alikuwa amepitiwa hadi nyuma ya safu ya misaiprasi aliyoipanda Baba kuonyesha mpaka, na nguzo mpya za waya zilikuwa zimesimamishwa ndani kabisa ya shamba letu. Mama alisimama kwenye waya ule kila msimu, akagombeza mpaka sauti ikakauka. Baba Mdogo alimjibu kwa upole wa kuudhi: "Pole, Mama Chebet. Nenda upumzike."

Mama alikuwa mpishi katika shule ndogo ya kibinafsi iliyofuata mtaala wa kigeni, na kwa sababu yake nilisoma pale bila karo. Shule hiyo ilifundisha Sheria kama somo, sawa na Hesabu au Jiografia. Tulikuwa darasa dogo, na wenzangu wengi walilichagua wakidhani ni rahisi. Mimi nililichagua kwa hasira. Habari zilipomfikia Baba Mdogo alicheka mbele ya watu dukani. "Wewe soma kitabu, mimi nina trekta," akaniambia. "Tutaona ni nani atavuna." Nilimwamkia kwa heshima, nikachukua sukari niliyotumwa, nikaenda zangu. Nikaanza kusoma kama mtu anayenoa panga.

Mwalimu wetu, Madam Nekesa, alikuwa mama mpole kutoka Bungoma, aliyetamka kila neno kana kwamba analiweka mezani ulitazame. Siku moja alitufundisha jambo lililonifanya nishindwe kula chakula cha mchana. Mtu akikalia ardhi ya mwenzake waziwazi, bila ruhusa, kama mwenyewe, kwa miaka kumi na miwili mfululizo, anaweza kwenda kortini akatangazwa mwenye nayo. Kugombeza tu hakusimamishi miaka hiyo. Nikahesabu tangu Baba afariki, nikaelewa upole wa Baba Mdogo ulitoka wapi: miaka ya kipande cha kwanza ingetimia msimu uliokuwa unakuja, na vingine vingefuata. Nilinyoosha mkono.

"Madam, na kama mwenye ardhi akimpa ruhusa?"

"Hapo anakaa kwa hisani ya mwenyewe. Miaka yake inakatika." Akanitazama. "Chebet, hilo ni swali la mtihani au la nyumbani?"

"La nyumbani, Madam."

"Basi hakikisha amekubali hiyo ruhusa, na watu wamesikia."

Kumshawishi Mama kulikuwa kugumu kuliko mtihani wowote. "Nimpe ruhusa mwizi? Kwa mdomo wangu?" Alitupa mwiko. Nilimweleza tena na tena, taratibu, jinsi ambavyo leo ninawaeleza wateja wangu, kwamba anayepewa ruhusa na akaipokea amekiri mwenyewe kwamba kitu si chake. Mwishowe alikaa kwenye kigoda, nikaona tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu utotoni.

Baada ya mavuno, familia hukutana kwa Nyanya kwa sala ya shukrani. Mchungaji yupo, mzee wa kijiji yupo, majirani wamejaa uani. Pale kwetu, anayetoa shukrani humpa mwenzake mursik, yale maziwa ya kibuyu yenye majivu, na mwenzake hunywa na kujibu. Mama alisimama na kibuyu, akamwendea Baba Mdogo. "Shemeji, kile kipande cha marehemu unacholima ng'ambo ya misaiprasi, nimekuruhusu uendelee kukilima mpaka Chebet atakapokihitaji." Watu wakapiga makofi. Nilimwona Baba Mdogo akitafuta njia ya kukwepa. Kukataa kungekuwa kusema, mbele ya mama yake mzazi na mchungaji, kwamba amemnyang'anya mjane wa ndugu yake. Tena alidhani Mama amesalimu amri. Akanywa, akafuta mdomo. "Asante sana, Mama Chebet. Sasa umekuwa na akili." Nilikuwa nikigawa chai. Nikamjazia na yeye kikombe.

Miaka yake ilipotimia alikwenda kortini Eldoret na wakili mwenye tai nyekundu. Mzee wa kijiji alieleza aliyoyasikia. Jaji akamuuliza Baba Mdogo kama ni kweli alishukuru. "Nilishukuru, lakini..." Hiyo "lakini" yake haikumfikisha popote; kesi ikatupwa. Mpima ardhi alipomaliza kazi, Baba Mdogo aling'oa nguzo zake moja moja kwa mikono, juani. Nilileta kiti, nikakaa, nikamtazama mpaka ya mwisho.

Leo mimi ni wakili, na mashamba yale yamezungukwa na nyumba za kupangisha. Siku hizi vijana wanaipata sheria kwenye simu, na nawahimiza waisome mapema, kabla hawajalazimika. Nimeshinda kesi kubwa kuliko ile, na hakuna iliyonipa usingizi mtamu kama ile. Kanisani wananiambia nisamehe. Baba Mdogo amezeeka, anatembea kwa fimbo, na Krismasi iliyopita alikuja kwetu. Nilimpa kiti kizuri, nikamtilia chai, nikamuuliza hali ya mguu wake.

"Mwanangu," akasema, "tusahau basi. Yaliyopita yamepita."

"Yamepita, Baba Mdogo," nikamjibu, nikimsogezea sukari. "Lakini mimi sijapita. Niko hapa."