Milingoti Niliyoimwagilia

Mwaka jana nilirudi Songea na jambo moja tu moyoni: kumkomoa jirani wa marehemu bibi yangu. Nisikufiche, rafiki yangu, sikwenda kusalimia wala kuzuru makaburi. Nilishuka kwenye bodaboda chini ya milima ya Matogoro, nyuma yangu mafundi wawili na misumeno yao ya moto, tukanyoosha hadi bondeni kwa bibi.

Wengi wanaujua mto Ruvuma ukiwa mkubwa, kule unakogawa nchi mbili na mamba wanaota jua. Sisi tuliujua ukiwa mchanga. Unaanzia kwenye milima hii, na chemchemi ya bibi ilikuwa mojawapo ya zilizoulisha. Maji yalitoka chini ya mkuyu, baridi ya kuuma meno. Pembeni bibi alipanda magimbi, na mvua ikitukuta tulijifunika majani yake. Jioni aliyachemsha magimbi na maganda yake, tukamenya kwa vidole vinavyonata, tukala na chumvi.

Sufuria lenye masizi halikuingia chemchemini. Kutema mate ndiyo kabisa, ungelala na njaa. Msimu wa kulima ukianza, bibi alidondosha kiganja cha unga wa ulezi majini, akasema, "Mlio chini, sisi tumeamka." Nilidhani anaongea na mizimu, hadi nilipomjua mama wa korosho, Mwislamu wa huko Tunduru, aliyelima mpunga huko chini maji yanakoelekea, kando ya mto uleule. Kila mwaka alituletea korosho, akarudi na maharage. Akifika, kwanza alikunywa.

"Alhamdulillahi! Kumbe ndiyo haya mnayooga nyie, halafu sisi tunapikia futari?"

"Utamu wake ni miguu yangu," bibi alimjibu, na rozari yake shingoni ikatikisika kwa kicheko. Kisha alimchotea maji ya kutawadha.

Sasa jirani. Alikuja na miche ya milingoti, ile mikaratusi ambayo hatukujua inavyofyonza maji, akaomba kupanda upande wake wa mpaka, hatua chache tu kutoka kwenye chemchemi. Bibi alikubali, kwani ujirani ni undugu. Tena akanituma nimsaidie kuimwagilia. Kiangazi kizima nilibeba ndoo kutoka chemchemini, nikaupa kila mche kopo lake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Milingoti ikapaa. Jirani akaongeza mingine, akaukata hata mkuyu wetu. Magimbi yakawa membamba, mwishowe hayakuota. Siku chemchemi ilipobaki tope, bibi alikwenda na ndoo kwenye bomba la jirani, mimi nimemshika kanga.

"Bibi, subiri kwanza," jirani alisema, "ng'ombe wangu hawajanywa."

Bibi aliweka ndoo chini. Alisimama juani hadi ng'ombe wa mwisho alipoinua kichwa. Alikufa bila kuyaonja tena maji yake, na mimi nilikuwa nimeapa siku ile ile ya bomba kwamba nitalipiza.

Kwa hiyo niliposikia jirani amezeeka na anauza kipande kile cha milingoti, nilikinunua kwa jina la shemeji yangu. Nikawaambia mafundi waanze na miti anayoiona kutoka barazani kwake. Mungu anisamehe, nilifurahi kila mmoja ulipoanguka. Jioni nilimfuata ili anione vizuri.

"Shikamoo. Mimi ni yule mjukuu aliyesubiri ng'ombe wako wanywe."

"Marahaba, mwanangu. Nimekutambua tangu asubuhi." Hakuonyesha hata kuudhika. "Ila mlingoti hauuawi kwa msumeno."

Nikadhani ni uchungu unamsemesha. Mvua zilipokuja, kila kisiki kilitoa machipukizi matano, sita, yamenyooka. Juzi nilikwenda na panga nikayafyeka hadi viganja vikatoka malengelenge. Chemchemi bado ni udongo mkavu. Mama wa korosho haji tena, na unga niliobeba sikuwa na mahali pa kuudondosha. Jirani alikuwa barazani kwake, akaniita:

"Mwanangu, unajisumbua! Ulikuwa na mkono mzuri wewe. Hakuna mche hata mmoja uliomwagilia ukafa."

Sijamsamehe. Nitaendelea kufyeka mpaka mmoja wetu achoke. Lakini tangu juzi, nikiinua panga, siwaoni tena ng'ombe wake. Naliona kopo langu.